Napeleka maji kwa boza Yellowknife, mji ambao wenyeji wanauita "Mahali pa Pesa". Ulizeni

Mtoto wa Maganzo (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Wiki iliyopita humu kulikuwa na ubishi kama Kahama itaendelea kuwa mji wa maana baada ya mgodi wa Buzwagi kufungwa 2021. Nikataka kuchangia, nikaona nitaandika gazeti kwenye uzi wa mtu. Bora nifungue wa kwangu. Mods, tafadhali msiuunganishe.

Mimi nimezaliwa Maganzo. Kwa wasiopajua, ni ule mji uliokaa mlangoni mwa mgodi wa almasi wa Mwadui, barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza. Mzee wangu alikuwa fundi mitambo ndani ya uzio. Sisi nje ya uzio tulikua na hadithi za wabeshi, yaani wavamizi wa almasi, na za yule Mkanada, Dk. Williamson, aliyeigundua Mwadui mwaka 1940. Mkanada alikuja kwetu akachimba almasi, mimi nimekuja kwao nawapelekea maji. Hesabu bado haijalingana lakini tunaendelea.

Yellowknife ni makao makuu ya Northwest Territories, kaskazini mwa Kanada. Ukipanda kilomita kama 400 tu unafika mstari wa Aktiki. Watu ni kama 20,000, yaani ukiwapeleka wote Uwanja wa Mkapa, theluthi mbili ya viti vinabaki vitupu. Eneo zima la Northwest Territories ni kubwa kuliko Tanzania na Uganda ukiziunganisha, lakini wakazi wake hawafiki 50,000, na karibu nusu wako hapa mjini. Kwenda Edmonton, jiji kubwa la karibu, ni kilomita 1,450 hivi za lami. Njiani utakutana na nyati wa porini kuliko utakavyokutana na watu.

Kwa nini nahitajika na boza kwenye nchi tajiri? Mtaa wa kale, Old Town, umekaa juu ya mwamba mtupu. Mtaro wa bomba huchimbi, labda ulipue. Kwa hiyo nyumba nyingi za kule zina tanki ndani, mimi naleta maji, na gari jingine linakuja kunyonya majitaka. Kwenye nyuzi joto 40 chini ya sifuri una dakika chache tu za akili timamu: unavuta mpira wa maji, unaufunga kwenye mdomo wa ukutani, unafungua valvu, unasimama kusikiliza. Tanki likikaribia kujaa sauti ya maji inabadilika, inapanda kama kikombe kinachojazwa. Ukizubaa maji yanamwagika, na hapo hapo umemtengenezea mteja ngazi ya barafu mlangoni. Ukimaliza hakikisha umekausha mpira, la sivyo nyumba inayofuata utakuta umebeba nguzo.

Asubuhi magari yote ya mtaani yana waya wa umeme umening'inia puani. Usiku yanachomekwa ukutani kama simu, kuna hita ndani ya injini. Usipochomeka, kesho unaenda kazini kwa miguu. Matairi nayo yakilala kwenye baridi kali yanabaki bapa upande wa chini, mita mia za kwanza unadundadunda kama uko kwenye punda. Namba za magari zina umbo la dubu. Si picha ya dubu, kibao chenyewe kimekatwa hivyo.

Sasa hoja yangu. Watlicho, ambao ni miongoni mwa Wadene wenye ardhi hii tangu asili, mji huu wanauita Sombak'e, maana yake mahali pa pesa. Dhahabu ilianza kuchimbwa kwa nguvu miaka ya 1930. Mgodi wa Con ulitoa dhahabu ya kwanza 1938, ukafungwa 2003. Giant ulitoa tofali la kwanza 1948, ukafungwa 2004. Leo hapatoki hata gramu, na mji upo. Naomba tuongee kwa nini upo, na umebakiwa na nini. Maswali karibuni.

Ngosha Mtulivu

Nimeweka kiti siti ya mbele. Mkuu, hebu anza na mshahara, mengine tutasoma baadaye.

Mtoto wa Maganzo

Mshahara siutaji, shemeji zangu wako humu. Ila jua kodi ya nyumba inakula karibu nusu, na nyanya moja inaweza kukufanya usali kwanza. Mzigo wote unakuja kwa lori au ndege. Kabla ya daraja la Deh Cho kufunguliwa Novemba 2012, mto Mackenzie ulivukwa kwa kivuko kiangazi na kwa barabara ya barafu kipupwe. Katikati hapo, barafu ikiwa nyepesi kwa lori na nene kwa kivuko, mji ulikatika kwa wiki kadhaa na vyakula vikaja kwa ndege. Wazee wa hapa bado wana tabia ya kujaza friza kama wanasubiri vita.

Mchimbaji Nyarugusu

Mkuu mimi niko Geita, mchimbaji mdogo. Sisi tunasemwa kila siku kwa zebaki. Hao wenzetu walikuwa wanakamatisha dhahabu kwa kitu gani? Na mabaki yao wanauza kama magwangala?

Mtoto wa Maganzo

Hapo umegusa penyewe. Magwangala ya Giant hakuna anayeyataka, na nitakueleza kwa urefu maana ndiyo habari kubwa ya mji huu.

Dhahabu ya Giant haikuwa ya kuona kwa macho. Ilikuwa imejifungia ndani ya jiwe lenye aseniki na salfa. Ukilisaga na kulitia sianidi, dhahabu haitoki. Kwa hiyo wakawa wanalichoma kwanza kwenye tanuri ili jiwe lifunguke. Lilifunguka kweli, lakini aseniki ikageuka moshi. Miaka ya mwanzo moshi ule ulitoka juu kwenye bomba na kutua mjini, ziwani, na kwenye theluji. Wadene wa kisiwa cha Latham walikuwa wanayeyusha theluji kupata maji ya kunywa. Mwaka 1951 mtoto mdogo wa Kidene alifariki kwa sumu hiyo. Familia ililipwa dola 750.

Baadaye wakafunga mitambo ya kunasa ule moshi. Ukinaswa unakuwa vumbi jeupe, laini kama unga wa sembe. Litupwe wapi? Wakalipuliza kwa mabomba kurudi chini ya ardhi, kwenye mapango waliyokwisha kuyachimba, kwa imani kwamba ardhi ya huku imeganda mwaka mzima na itabaki imeganda. Miaka ikapita, uchimbaji wenyewe ukaipasha moto ile ardhi. Leo chini ya Giant kuna tani 237,000 za vumbi hilo, na linayeyuka kwenye maji.

Kampuni ya mwisho ilifilisika 1999, mzigo ukaangukia serikali. Suluhisho lililochaguliwa ni kuligandisha na kulilinda lisiyeyuke. Wanasimika mabomba marefu yenye gesi ya kabonidayoksaidi, ncha moja chini kwenye mwamba, nyingine juu hewani. Gesi ikipata joto kutoka chini ya ardhi inapanda, ikifika juu inakutana na baridi yetu hii, inageuka kimiminika na kuteremka tena kuchukua joto jingine. Haihitaji mota. Baridi inayotutesa sisi ndiyo inayolinda sumu isitoke. Makadirio ya kusafisha eneo lote yalifika dola bilioni 4.38 mwaka 2022, na mabomba yale yatahitaji mtu wa kuyaangalia siku zote. Giant ilitoa dhahabu wakia milioni 7. Piga hesabu mwenyewe.

Mchimbaji Nyarugusu

Aisee. Na hayo maji unayopeleka wewe kwenye boza?

Mtoto wa Maganzo

Swali zuri, mke wangu aliniuliza hilo hilo siku ya kwanza. Mji umekaa ukingoni mwa Great Slave, ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Amerika Kaskazini, mita 614. Lakini maji ya kunywa hayachotwi hapo mbele ya mji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walilaza bomba la kilomita 8 chini ya maji kwenda kuchota kwenye mto Yellowknife, upande maji yanakotoka kabla ya kufika mgodini. Maziwa madogo yaliyozunguka mji yana matangazo ya afya: hapa usinywe, pale usile samaki. Frame Lake iko katikati ya mji, nzuri ajabu, watu wanaizunguka kwa mbio za asubuhi. Kuogelea haogelei mtu.

Bi Mkubwa wa Pangani

Mwanangu Maganzo, hujambo. Nimesoma mpaka hapo nikaacha chai ikapoa. Huyo mtoto wa 1951 ameniuma. Wenyewe hao Wadene wanasemaje leo?

Mtoto wa Maganzo

Shikamoo mama. Wapo, na hawajanyamaza. Vijiji vyao viwili viko hapa hapa, N'dilo imeungana na mji na Dettah iko ng'ambo ya ghuba. Kiangazi ukienda Dettah kwa gari unazunguka kilomita 27, kipupwe unakata moja kwa moja juu ya ziwa kama kilomita 6 na nusu. Kwa miaka wamedai kuombwa radhi na kulipwa fidia, na wanashiriki kusimamia usafishaji. Mzee mmoja wa Dettah niliyempelekea mzigo aliniambia kwamba upande ule ulipo mgodi ndiko walikokuwa wakichuma matunda. Alisema hilo tu, akanipa samaki mkavu.

Mjuaji Namba Moja

Mleta uzi unazunguka sana. Mji upo kwa sababu serikali ipo, basi. Ondoa mishahara ya serikali uone kama kutabaki hata duka. Huo si mji, ni ruzuku yenye taa za barabarani.

Mtoto wa Maganzo

Mjuaji, nusu ya maneno yako nayakubali, na ile ya ruzuku nimecheka. Ni kweli sehemu kubwa ya bajeti ya serikali ya hapa inatoka Ottawa. Ila nikupe mfano wa ndugu wawili.

Kwenye ziwa hili hili, upande wa kusini, kulikuwa na mji unaitwa Pine Point. Ulijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya madini ya risasi na zinki. Ulikuwa na shule, kanisa, uwanja wa hoki, watu wanaofika 2,000. Mgodi ukafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mji haukudorora, ulifutwa. Nyumba nyingine zilinunuliwa zikabebwa kwa malori kwenda miji jirani, nyingine zikabomolewa. Leo ukienda unakuta barabara za lami zilizopangwa vizuri na vichaka pande zote mbili. Makaburi yapo.

Yellowknife nayo ulikuwa mji wa mgodi. Tofauti ni kwamba Septemba 1967, wakati dhahabu bado inatoka, Kamishna Stuart Hodgson na wafanyakazi wake walipanda ndege Ottawa na makabati yao ya mafaili, wakasafiri zaidi ya kilomita 3,000, wakashuka hapa na kuhamishia serikali. Kabla ya hapo nchi yote hii ilikuwa inaendeshwa kutoka Ottawa, wakubwa wenyewe hawajawahi kuona barafu yake. Ndugu zangu wa Dodoma mnaielewa hadithi hii, ila ninyi mlitangaza 1973 mkahama kweli baada ya 2016. Hawa walitangaza Januari, wakashuka na mafaili Septemba ya mwaka ule ule.

Kwa hiyo Mjuaji, ruzuku sawa. Lakini Pine Point ilikuwa na madini na haikuwa na ofisi. Ipi unaweza kwenda kulala hoteli leo?

Mjuaji Namba Moja

Na almasi je? Mbona umeziruka? Ofisi zisingetosha 2004.

Mtoto wa Maganzo

Sijaziruka, nilikuwa napeleka maji.

Mwaka 1991 Chuck Fipke na Stewart Blusson walitangaza almasi karibu na Lac de Gras, kilomita 300 hivi kaskazini mashariki ya hapa. Fipke alikuwa amezifuata kwa miaka mingi kwa kupekua mchanga na kutafuta vijipunje vya madini vinavyoandamana na almasi, akapanda navyo mpaka chanzo. Ekati ikafunguliwa 1998, Diavik 2003, Gahcho Kué 2016. Kwa hiyo dhahabu ilipokuwa inakata roho, almasi ilikuwa imeshakaa kitini. Diavik mwamba wake ulikuwa chini ya ziwa: walijenga ukuta kuzunguka, wakanyonya maji, wakachimba pakavu. Mtu wa Mwadui akiona shimo lile, ule mwamba wa kimbalaiti, unaobeba almasi, anautambua kama jirani.

Hakuna mji kule migodini. Wafanyakazi wanapelekwa kwa ndege, wiki mbili kambini, wiki mbili nyumbani, na wengi nyumbani kwao ni mikoa ya kusini. Mishahara inapita juu ya vichwa vyetu ikiwa angani. Ubaya mwingine ni kwamba Diavik ilipangiwa kumaliza kuzalisha 2026. Hapo sina utani wa kuweka.

Kamau wa Edmonton

Maganzo, hiyo barabara ya barafu ya malori umesahau? Hapa Edmonton ndiyo hadithi ya kila dereva.

Mtoto wa Maganzo

Kamau, karibu. Kweli. Inaanzia Tibbitt, mwisho wa barabara ya kawaida nje ya mji, inakwenda kilomita kama 400 hadi migodini, sehemu kubwa sana ni juu ya maziwa. Inafunguka mwisho wa Januari, inafungwa mwisho wa Machi, basi. Mafuta, saruji, mitambo ya mwaka mzima yapite humo. Barafu lazima izidi mita moja ndipo ibebe mzigo kamili, na lori lenye mzigo linakwenda kilomita 25 kwa saa. Si kwamba dereva anaogopa kuteleza. Lori likitembea linakandamiza barafu, maji ya chini yanatengeneza wimbi linalotangulia mbele. Ukienda kasi wimbi linafika ufukweni likiwa na nguvu na linavunja barafu kutoka chini. Nilipanda na rafiki mara moja. Usiku, vioo wazi kidogo, unasikia barafu inalia kama mtu anavunja vijiti mbali. Akaniambia ikilia ni nzima, ikinyamaza ndipo uanze kusali.

Mwaka 2006 kipupwe kilikuwa na joto, njia ikafungwa mapema, wakalazimika kurusha mafuta kwa ndege.

Lushois wa Kenya

Bandugu jambo. Miye ni mutu ya Lubumbashi, commune Kenya, si inchi ya Kenya. Ile bomba ya moshi na ule mulima ya mabaki ya Gécamines, kampuni ya shaba, njo alama ya muji yetu. Zamani kampuni ilikuwa inatupatia hospitali, masomo, na mposho ya unga. Siku ilianguka, muji haikufa, lakini kila baba alijua hakuna tena mutu wa kumulisha. Miye nauliza: huko bakubwa ya mine na batu ya kazi balisikilizana?

Mtoto wa Maganzo

Ndugu wa Lubumbashi, hapana, na swali lako ni zito. Mwaka 1992 Giant kulikuwa na mgogoro wa mishahara. Wafanyakazi wakawa nje, kampuni ikaleta wengine waendelee na kazi. Mji wa watu wachache namna hii, unajua jirani yako anavuka mstari wa wagomaji kila asubuhi. Tarehe 18 Septemba bomu lililotegwa relini chini ya ardhi lilipasua gari la wachimbaji, wakafa watu 9. Mmoja wa waliokuwa kwenye mgomo alihukumiwa 1995. Mpaka leo kuna familia ambazo haziketi meza moja mgahawani. Mgeni usiyejua unaweza kuuliza swali la kawaida kuhusu Giant na chumba kikanyamaza. Nilifanya kosa hilo mwezi wangu wa kwanza, kwenye foleni ya benki.

Ummu Zaynab

Asalaam aleikum. Mie niko Mombasa. Nasikia huko kiangazi jua halitui, sasa Waislamu hufunga vipi?

Mtoto wa Maganzo

Waaleikum salaam dada. Hapa linatua, ila kwa aibu. Juni linazama karibu saa sita usiku na saa kumi alfajiri halijafika limeshachomoza. Desemba ni kinyume, tunapata mwanga saa tano tu kwa siku. Jirani yangu Msomali, dereva teksi, anasema Ramadhani ilipoangukia Juni wako waliofuata saa za Makka na wako waliokaza na jua la hapa hapa. Sasa imerudi kwenye miezi ya baridi, wanapumua. Juu zaidi, Inuvik, kuna msikiti ulijengwa Winnipeg ukasafirishwa mzima mwaka 2010, kwa lori kisha kwa tishari mtoni, zaidi ya kilomita 4,000.

Kamau wa Edmonton

Waambie na ya moto. 2023 nyinyi nyote mlikuja kulala kwetu.

Mtoto wa Maganzo

Kamau una kumbukumbu. Agosti 16, 2023, jioni, ikatoka amri: mji mzima uondoke, mwisho Ijumaa tarehe 18 saa sita mchana. Moto wa msitu ulikuwa unakuja kutoka magharibi na barabara ya kutoka ni moja. Nilipakia mke, watoto wawili, paka wa jirani aliyekuwa safarini, na sufuria ya ugali. Sufuria mpaka leo sijui kwa nini. Foleni ya mafuta ilikula saa tatu nzima. Kuna mahali moshi ulikuwa wa rangi ya chungwa, tunafuata taa za gari la mbele tu, miti pembeni inafuka. Tulilala High Level, Alberta, kesho yake Edmonton, kwa huyu huyu Kamau anayejifanya mgeni kwenye uzi. Tuliruhusiwa kurudi Septemba 6. Mji haukuungua. Jokofu langu ndilo lilikuwa limekufa, na mnalijua jokofu la mtu wa Usukumani linakuwa na nini.

Ngosha Mtulivu

Sato!

Mtoto wa Maganzo

Whitefish wa hapa, lakini harufu ni ile ile.

Mjuaji Namba Moja

Swali la mwisho, nijibu kwa ukweli. Siasa zao zikoje? Maana mji wa serikali bila vurugu za vyama siuamini.

Mtoto wa Maganzo

Basi hutauamini. Bunge lao lina wajumbe 19 na hakuna chama hata kimoja. Kila mtu anagombea kwa jina lake, wakishaingia wanampigia kura ya siri kiongozi wa serikali na mawaziri miongoni mwao. Lugha rasmi ni 11. Jengo liko kando ya Frame Lake, unaingia bure, na ukumbini kuna ngozi ya dubu mweupe sakafuni. Kugombana wanagombana, ila jioni utawakuta wote duka moja wanagombea parachichi lile lile.

Bi Mkubwa wa Pangani

Mwanangu, uzi umeshiba. Lakini picha iko wapi? Hata ya hilo boza.

Mtoto wa Maganzo

Mama, nimejaribu sasa hivi. Nje ni 38 chini ya sifuri, simu nikiitoa mfukoni inazima kabla sijafungua kamera. Zamu ikiisha nitaiweka. Naenda kuchomoa gari, kuna mteja Old Town amepiga mara mbili, watoto wana sabuni kichwani na tanki limekauka.